Nani Ameshika Ufunguo? Historia Fupi ya Tovuti Zetu na Wanaozihifadhi

Machochwe ni kata ya Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, jirani na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Nilipokuwa huko katika likizo moja, mzee mmoja alinikalisha chini ya mti na kuniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu bila kuona haya.

"Mura, ile sauti ya marehemu kaka yangu mliyoichukua kwa simu iko wapi? Wajukuu wake wanataka kuisikia."

"Tata, imepotea," nikasema.

"Imepoteaje? Si mlituambia mmeiweka mahali ambapo dunia nzima itaiona?"

Ni kweli, tuliwaambia hivyo. Miaka kadhaa iliyopita sisi wazaliwa wa eneo lile, tuliotawanyika Mugumu, Mwanza, Dar es Salaam na Nairobi, tulichanga fedha tukafungua tovuti. Tuliwarekodi wazee wakieleza majina ya koo, njia za malisho za zamani, namna mipaka ya hifadhi ilivyochorwa, na jinsi kaya zilivyohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970. Tovuti ile iliishi muda usiozidi miaka mitatu. Leo jina lake ukiliandika katika simu yako linakupeleka kwenye matangazo ya kamari. Wazee wengi waliozungumza mle wamekwisha kuzikwa.

Makala haya ni jaribio la kumjibu mzee yule kwa njia ya historia. Swali la kampuni ipi ikuhifadhie tovuti huonekana kuwa la mafundi na la bei. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba ni swali la zamani sana, la amana: unampa nani mali yako, kwa ushahidi gani, na utabaki na nini siku mlango wake utakapofungwa.

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Tovuti ni mkusanyo wa mafaili yanayokaa ndani ya kompyuta isiyozimwa usiku na mchana, ambayo mafundi huiita seva. Kampuni inayomiliki au kukodi seva hizo, kisha ikakupangisha nafasi humo, ndiyo kampuni ya kuhifadhi tovuti. Jina la tovuti, yaani kikoa, ni kitu kingine. Jina husajiliwa kwa msajili, hulipiwa kwa vipindi, na linaweza kuhamishwa kutoka seva moja hadi nyingine. Nyumba ni moja, na kibao kinachoelekeza nyumbani ni kingine. Watu wengi hununua vyote viwili siku moja kwa fundi mmoja, na hapo ndipo msiba wao unapoanzia.

Wazee wetu wa Mara hawakuwa na seva, lakini tatizo hili walilijua. Mfugaji mwenye ng'ombe wengi hakupenda kuwalaza wote katika zizi moja. Baadhi aliwapeleka kwa shemeji, wengine kwa rafiki wa kijiji cha mbali, ili ugonjwa ukiingia au wezi wakija usiku asiamke maskini. Aliyepokea alikunywa maziwa kwa kazi yake ya kuchunga, lakini ng'ombe alijulikana ni wa nani. Walikuwapo mashahidi, rangi, pembe na alama za masikio zilikumbukwa. Katika desturi hiyo mna kanuni tatu: umiliki uwe na ushahidi, mali itawanywe, na tabia ya mpokeaji ijulikane kabla ya dhiki. Nitazipima kanuni hizo, moja baada ya nyingine, kwa historia ya intaneti yetu.

Tuanze na umiliki. Wavuti ulizaliwa katika maabara ya CERN, Uswisi, na tarehe 30 Aprili 1993 taasisi hiyo ikatangaza kwamba teknolojia yake ni huru kwa watu wote. Miaka miwili baadaye, mwaka 1995, herufi .tz ziliingizwa katika orodha ya vikoa vya nchi za dunia. Katika miaka ya mwanzo zilitunzwa na Kituo cha Kompyuta cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika zama ambazo wenye kompyuta nchini walikuwa wachache na wanaojua kikoa ni nini walikuwa wachache zaidi. Mwaka 2006 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, pamoja na chama cha watoa huduma za intaneti, TISPA, waliunda chombo maalumu cha kusimamia majina hayo, tzNIC, ambacho kilikabidhiwa rasmi dhamana ya .tz mwaka 2010. Miaka minne ilipita kati ya kuundwa na kukabidhiwa. Hata taifa zima, likitaka kuhamisha usimamizi wa jina lake kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, hulazimika kuthibitisha kwa maandishi nani ni nani na nani amekubali nini.

Linganisha uangalifu huo na jinsi sisi wana Machochwe tulivyofanya. Fundi wetu, kijana mwema asiye na nia mbaya hata kidogo, alisajili kikoa kwa barua pepe yake mwenyewe. Nywila za seva zilikuwa kichwani mwake. Risiti ziliandikwa jina lake. Alipopata kazi nje ya nchi alibadilisha namba ya simu, na barua za kukumbusha malipo zikawa zinaingia katika sanduku lisilofunguliwa na mtu. Kampuni ilisubiri, ikakumbusha, ikafunga, kisha ikafuta. Kwa hesabu ya mikataba haikututendea kosa lolote, maana haikutujua. Ng'ombe walikuwa wetu, lakini hapakuwa na shahidi hata mmoja. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Yafaa msomaji ajue pia kwamba jina likiisha muda halipotei papo hapo. Majina ya kimataifa kama .com yakishafutwa na msajili huwa na kipindi cha siku 30 ambacho mwenyewe anaweza kulikomboa jina lake, kwa ada kubwa kuliko ya kawaida. Baada ya hapo hurudishwa sokoni, na wapo watu ambao kazi yao ni kuvizia majina yaliyoachwa, hasa yale ambayo tayari yalikuwa na wasomaji. Wacheza kamari hawakuiona Machochwe. Waliona jina lililokuwa likitembelewa.

Kanuni ya pili ni kutawanya. Hapa historia ya dunia ina mengi ya kutufundisha. GeoCities, iliyoanza katikati ya miaka ya 1990, iliwapa mamilioni ya watu nafasi ya bure ya kuweka kurasa zao za kwanza. Mwaka 1999 ilinunuliwa na Yahoo kwa fedha nyingi mno. Miaka kumi baadaye, Oktoba 2009, Yahoo ikaifunga. Kurasa za familia, za vikundi vya dini, za wapenzi wa muziki na za wanafunzi zikaondolewa. Zilizosalia ziliokolewa na watu wa kujitolea na na Internet Archive, maktaba ya kidijiti iliyoanzishwa mwaka 1996, ambayo hupita ikichukua nakala za kurasa za dunia. Somo lake ni kwamba ukubwa wa kampuni si dhamana ya maisha marefu ya kitu chako. Kampuni kubwa haihitaji kufilisika ili ikufungie. Inatosha iamue kwamba huduma unayoitumia hailipi tena.

Msiba mwingine ulikuwa wa moto. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud katika mji wa Strasbourg, Ufaransa, kiliungua. Jengo moja liliteketea lote, na mamilioni ya tovuti zikatoweka hewani kwa siku hiyo. OVHcloud haikuwa kampuni ya uchochoroni. Ni miongoni mwa kubwa kabisa barani Ulaya. Baadhi ya wateja walikuwa wamelipia hata huduma ya nakala rudufu, wakidhani wamejikinga. Baadaye mteja mmoja alikwenda mahakamani, na mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliiamuru kampuni imlipe zaidi ya euro 100,000, kwa kuwa nakala zake zilikuwa zimewekwa katika jengo lile lile lililoungua. Mfugaji wa Machochwe angelicheka jambo hilo kwa uchungu: ng'ombe na ndama walilazwa zizi moja, halafu mchungaji akaita hiyo ni akiba.

Sisi tulichokoa kilitokana na bahati. Kijana mmoja wa Mugumu, mjukuu wa mmoja wa wazee tuliowarekodi, alikuwa amenakili sauti ya babu yake kwenye kadi ya simu ili aisikilize akiwa safarini. Dakika zile chache ndizo pekee zilizobaki. Katika Internet Archive tulikuta kurasa kadhaa za maandishi, bila sauti hata moja. Kazi ya miaka mitatu, michango ya watu wengi na kumbukumbu za wazee wengi zilishindwa na kadi ndogo kuliko ukucha, kwa sababu moja tu: kadi ile ilikuwa mahali pengine.

Kanuni ya tatu ni tabia ya mpokeaji na mamlaka aliyo chini yake. Hili ndilo gumu, na ndilo linaloifanya mada hii iwe ya kisiasa.

Kwa muda mrefu Mtanzania hakuwa na la kuchagua. Mawasiliano yetu na dunia yalipita kwenye setilaiti, kwa gharama kubwa na kwa mwendo wa kinyonga. Hata ujumbe uliotoka mtaa mmoja wa mji kwenda mtaa wa pili uliweza kupita bara jingine kwanza, kwa kuwa kampuni za intaneti hazikuwa na mahali pa kubadilishana mizigo yao nchini. Kenya walifungua kituo cha namna hiyo, KIXP, mwaka 2000. Kikafungwa na mdhibiti baada ya kampuni ya simu ya taifa kulalamika, kisha kikaruhusiwa tena mwaka 2002. Dar es Salaam ilipata kituo chake mwaka 2004. Mkonga wa bahari wa Seacom ulianza kazi Julai 2009, na wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo kuweka tovuti kwenye seva ya nyumbani kulikuwa karibu na anasa, na mgawo wa umeme wa mwaka 2006 uliwafundisha wengi kwamba kompyuta isiyozimwa inahitaji kwanza nchi isiyozimika. Ndiyo maana blogu nyingi za mwanzo za Kiswahili zilikaa ugenini. Ile ya Issa Michuzi, iliyoanza mwaka 2005, ilikaa kwenye huduma ya bure ya Blogger inayomilikiwa na Google.

Kisha likaja swali la sheria. Jamii Forums, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Maxence Melo na Mike Mushi, ilikua hadi ikawa baraza kubwa la mijadala ya kisiasa nchini, ikitumia jina la .com. Desemba 2016 Melo alikamatwa na kufikishwa mahakamani. Mashtaka makuu yalihusu kukataa kuwapa polisi taarifa za wachangiaji. Lakini miongoni mwake lilikuwamo pia la kuendesha tovuti isiyotumia kikoa cha.tz. Kwa mara ya kwanza wengi wetu tulitambua kwamba herufi tatu za mwisho za anwani zinaweza kumfikisha mtu kizimbani. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizomtaka mwenye blogu alipe ada ya maombi shilingi 100,000, ada ya leseni shilingi 1,000,000 na ada ya mwaka shilingi 1,000,000. Juni mwaka huo Jamii Forums ilijifunga kwa muda, na blogu nyingi ndogo zikanyamaza. Kanuni hizo zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, lakini alama ilibaki: tovuti inaweza kufa huku seva yake ikiwa nzima na ankara yake imelipwa.

Je, basi tukimbilie nje? Historia haituruhusu jibu rahisi. Tarehe 12 Mei 2024 mikonga ya EASSy na Seacom iliharibika baharini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kwa siku kadhaa watu walitazama simu zao bila kupata kitu, au wakapata kwa tabu. Siku kama hizo tovuti iliyohifadhiwa Ulaya iko salama kabisa na haina msomaji hata mmoja wa Mara. Ile iliyo kwenye seva ya Dar es Salaam inaweza kuendelea kusomwa nchini, kwa kuwa safari yake haipiti baharini. Zaidi ya hayo, kampuni ya nje hudai dola na kadi ya benki, huku nyingi za ndani zikipokea malipo ya simu, jambo ambalo kwa kikundi cha kijijini si dogo. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti juu ya kusafirisha taarifa za watu kwenda nje ya nchi. Shule au zahanati inayokusanya majina, namba na picha za watu haiwezi tena kusema kwamba mahali pa seva si habari yake.

Aliye karibu anaweza kushinikizwa, na aliye mbali anaweza asifikike. Kwa hiyo swali la ndani au nje, ambalo watu hulibishania sana, si la kwanza. La kwanza ni hili: mlango huu ukifungwa leo, kwa moto, kwa amri, kwa deni au kwa samaki aliyekata waya baharini, je, ninaweza kufungua mwingine kesho kwa jina lile lile na mali ile ile? Anayeweza kujibu ndiyo amechagua vizuri, popote seva yake ilipo.

Kutokana na historia hiyo, haya ndiyo ningewauliza wenzangu kabla hatujatoa shilingi.

Kikoa kitasajiliwa kwa jina la nani? Kiwe kwa jina la kikundi au taasisi, kwa barua pepe ya ofisi inayofunguliwa na watu wawili au watatu. Fundi apewe ruhusa ya kufanya kazi, asipewe umiliki. Inapowezekana, jina lilipiwe kwa msajili tofauti na kampuni inayohifadhi mafaili, ili ugomvi wa upande mmoja usifunge pande zote mbili.

Nakala ziko wapi, na nani amewahi kuzirudisha? Kampuni ikisema inachukua nakala kila siku, uliza ziko jengo gani, zinatunzwa kwa siku ngapi, na kuzirejesha ni bei gani. Kisha chukua ya kwako mwenyewe, uiweke mikononi mwako, na mara moja kwa mwaka ujaribu kuifungua. Nakala isiyowahi kufunguliwa ni ahadi tu.

Ahadi ya upatikanaji ina maana gani? Matangazo husema asilimia 99.9. Piga hesabu: hiyo ni takriban saa 9 za kuzimika kwa mwaka. Asilimia 99 hukaribia siku 4. Uliza kampuni italipa nini ikishindwa, na jibu liwe kwenye mkataba, lisiwe mdomoni.

Bei ya mwaka wa pili ni ipi? Kampuni nyingi huvuta wateja kwa bei ndogo ya mwaka wa kwanza, kisha huipandisha sana wakati wa kuhuisha. Kikundi kinachochanga fedha kwa harusi na misiba kinapaswa kujua mzigo huo mapema, kiuandike katika bajeti, na kumtaja mtu atakayekumbusha.

Nani hupokea simu saa 4 usiku? Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kabla ya kulipa, waandikie swali usiku au siku ya sikukuu, uone jibu litakuja lini, na litatoka kwa mtu anayeelewa au litakuwa maneno ya kukariri. Waulize pia wateja wa zamani, hasa walioondoka: je, waliruhusiwa kuchukua mafaili yao kwa amani?

Na la mwisho: kampuni hutii amri ya nani, na itakujulisha kabla ya kukufungia? Masharti ya huduma ni marefu na yanachosha, lakini kipengele hicho kimoja kisome. Mwenye kuandika habari za ardhi, za madini au za mipaka ya hifadhi ana haki ya kujua kama atapewa siku ya kuhamisha mali yake, au ataamka akute zizi tupu.

Sijataja kampuni ya kupendekeza, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Iliyo nzuri leo inaweza kununuliwa mwaka ujao, kama GeoCities ilivyonunuliwa, na sifa zake zikabaki kwenye makala ya watu kama mimi.

Mzee yule alinisikiliza nilipomweleza haya kwa maneno mafupi. Aliponiona nimemaliza akauliza kama ile kadi ya kijana wa Mugumu bado ipo. Nikamwambia ipo, na kwamba safari hii sauti iliyomo tumeinakili mara nne: moja Mugumu, moja Mwanza, moja kwangu, na moja kwenye tovuti mpya ambayo kikoa chake kimeandikwa kwa jina la kikundi. Akatikisa kichwa.

"Basi njoo na simu yako kesho asubuhi," akasema. "Mimi nami nina ya kusema, na umri umekwenda."